Zilibaki Kumi na Moja

Siku mumewe alipofukuzwa kazi, mpishi ndiye aliyemimina chai. Hakualikwa kwenye kikao. Alikuwa zamu tu. Mkuu wa idara ya michezo alipiga simu jikoni akaagiza chai ya watu sita, mpishi akapanga vikombe kwenye sinia, akausukuma mlango wa chumba cha mikutano kwa bega, na hapo akamkuta mumewe amekaa peke yake upande mmoja wa meza, mikono juu ya magoti, kama mtoto aliyeletwa kwa mwalimu.

Pale chuoni walimwita Sekunde. Kwa miaka tisa alikuwa kocha msaidizi wa mpira wa kikapu, na kazi yake, ukiacha kubeba mipira na kufunga bandeji vifundo vya miguu, ilikuwa kuhesabu. Dakika ya mwisho ya kila nusu ilikuwa mali yake. Kocha Mkuu alijua kufoka, alijua kuchagua wachezaji, na kupiga picha na wageni alikujua kuliko vyote, lakini saa hakuijua. Ikibaki dakika moja angeligeukia benchi na kuuliza, "Ngapi?" na Sekunde angemjibu bila hata kuinua macho.

Mpishi alianza kumimina upande wa mbali ili achelewe kumfikia mumewe.

"Tulikuwa mbele kwa pointi tatu," Kocha Mkuu alikuwa anasema. "Nusu ya kwanza inakwisha, mpira wetu. Msaidizi wangu akaanza kelele: piga, piga sasa. Vijana wakachanganyikiwa. Tukapoteza mpira, wakafunga, wakapora, wakafunga tena. Fainali iliishia pale. Nusu ya pili tulikuwa tunazika tu."

"Zilibaki sekunde thelathini na nne," Sekunde alisema polepole. "Ukipiga mapema, wao hata wakitumia zote ishirini na nne wanazoruhusiwa kukaa na mpira kabla ya kupiga, mpira wa mwisho unarudi kwako. Wewe unapiga mara mbili, wao mara moja. Tumefanya hivyo misimu yote. Ni wewe uliyepiga kelele washike mpira, kijana akiwa ameshaanza kwenda."

"Mimi?" Kocha Mkuu aliwatazama wajumbe mmoja mmoja, akitabasamu. "Mimi sikufungua mdomo."

Mkuu wa idara aliona njia ya mkato. Nahodha wa timu alikuwa amesimamishwa karibu na mlango, kofia mkononi. "Wewe ndiye uliyekuwa na mpira. Ulisikia sauti ya nani?"

Mpishi na mumewe hawakuwa na mtoto. Kwa miaka miwili Nahodha alikuwa anakula kwao kila Jumapili, akimwita mmoja baba na mwingine mama, akiosha sahani yake mwenyewe bila kuambiwa. Sasa aliangalia zulia. Orodha ya wanafunzi wa kulipiwa ada ilikuwa inasainiwa na Kocha Mkuu, na kila mtu chumbani alilijua hilo.

"Nilisikia sauti moja tu," alisema. "Ya kocha msaidizi."

Hakusema "ya baba".

Mpishi alikuwa amefika kwenye kikombe cha Kocha Mkuu. Birika lilikuwa la moto. Alifikiri jambo kwa kitambo kidogo, kisha akamimina ndani ya kikombe.

"Asante, mama," Kocha Mkuu alisema. "Sukari mbili."

*

Nyumba ilikuwa ya chuo, kwa hiyo ilikwenda na kazi. Walipewa siku thelathini. Walihamia vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ambapo ukuta ulitetemeka kuanzia saa mbili asubuhi na vikombe kabatini viligongana kama meno ya mtu mwenye homa. Mama yake Sekunde, aliyekuwa akiishi nao, alipewa kitanda karibu na dirisha. Aliziangalia cheche zikiruka nje, akasema, "Afadhali. Kule kwa wasomi kulikuwa na giza."

Siku ya kuhama, mlinzi wa getini aliwasimamisha. Alikuwa rafiki yao. Walikuwa wamezika naye. Alikuna kichwa, akasema ameagizwa achukue kitambulisho, na pia fulana ya michezo, kwa sababu ina nembo ya chuo.

"Ipi?" Sekunde aliuliza.

"Hiyo uliyovaa, kaka."

Sekunde aliivua pale pale kando ya barabara, wanafunzi wakipita, akaikunja vizuri, akampa. Akapanda gari la mizigo akiwa na fulana ya ndani yenye tundu kwapani. Mpishi hakusema neno njia nzima. Lakini watu wanaomjua wanasema mpishi akinyamaza, sufuria inachemka.

Yeye hakufukuzwa, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu mshahara wake ndio uliobaki. Kila siku saa saba Kocha Mkuu alikuja bwaloni na vijana wake, akasimama mbele ya meza ya chakula, akanyoosha sahani.

"Mpishi, wali utaiva baada ya muda gani?"

"Dakika tano, mwalimu."

"Dakika tano zako au za mumeo? Maana za mumeo tutalala njaa."

Meza nzima ilicheka. Nahodha hakucheka, lakini hakuacha kula. Mpishi alimpakulia Kocha Mkuu nyama iliyo bora, kijiko kwa kijiko, taratibu, akimtazama usoni. Mzaha huo ulirudiwa wiki ile, na wiki iliyofuata, mpaka wapishi wenzake wakawa wanaondoka mezani wakimwona Kocha Mkuu anaingia, ili wasilazimike kutabasamu.

Jioni alimwambia mumewe, "Ninataka aonje."

"Aonje nini?"

"Ulichoonja wewe. Mbele za watu, na aondoke na fulana ya ndani."

Sekunde alimwangalia mama yake, kama anayetafuta mtu wa kumtetea. Bibi alikuwa anachambua maharage. "Mimi usiniangalie," alisema. "Mkeo anasema kwa sauti, mimi nasema moyoni."

*

Upande wa pili wa mji kulikuwa na chuo cha ufundi ambacho timu yake ilicheza kwenye sakafu ya saruji, na ubao mmoja wa kikapu ulikuwa umeinama kama mtu anayesikiliza siri. Walimchukua Sekunde kwa nauli na chakula cha mchana. Vijana wake walikuwa mafundi umeme na maseremala. Hawakuwa warefu, na wawili kati yao walicheza na viatu vya kushonwashonwa. Sekunde hakujaribu kuwafundisha kila kitu. Aliwafundisha dakika ya mwisho.

Kwa miezi minane kila zoezi liliishia hapo. Aliandika muda ubaoni kwa chaki, akapuliza filimbi: thelathini na tano, mpira wetu, tuko nyuma kwa nne, fanyeni. Kumi na nane, mpira wao, fanyeni. Nne, mpira wetu, fanyeni. Walipokosea walirudia. Seremala mmoja alilalamika kwamba anaota namba.

"Ota vizuri," Sekunde alimjibu. "Ota zinazoshuka."

Nyumbani akawa anaeleza hesabu zake wakati wa kula, akipanga vijiko mezani, na mpishi alisikiliza kuliko alivyowahi kusikiliza miaka yote ya ndoa. Aliuliza maswali. Kwa nini usubiri? Kwa nini usisubiri? Kocha Mkuu hufanya nini akichanganyikiwa? Mumewe alipomaliza kumweleza tabia zote za Kocha Mkuu, mpishi aliegemea kiti.

"Na Nahodha?"

"Nahodha anafanyaje?"

"Haoni saa."

Sekunde aliacha kula. Hilo lilikuwa jambo la nyumba ile, walilijua wao na Nahodha tu. Kijana alikuwa anaona kikapu, anaona wenzake, lakini namba zilizo juu ukutani kwake zilikuwa ukungu mwekundu. Alihofia kwamba chuo kikijua kitasema si mzima na kumfuta kwenye orodha, basi Sekunde akawa anamhesabia kwa sauti, na hivyo ndivyo jina lake lilivyozaliwa. Hakuna aliyewahi kumshauri kijana aende kwa daktari. Mpishi alikuwa na wazo lake kuhusu hilo: mumewe alipenda kuwa macho ya mtu.

"Sasa hivi nani anamhesabia?" mpishi aliuliza.

"Wamemletea Kocha Mkuu msaidizi mpya. Ana kompyuta ya mkononi. Hapigi kelele."

"Basi kijana anacheza na masikio matupu. Siku mtakapokutana, sauti anayoijua itakuwa kwenye benchi yenu." Alisogeza kijiko kimoja. "Ukimhesabia tano zikiwa zimebaki kumi na tano, atapiga."

Mashine ya karakana ilinyamaza, kisha ikaanza tena.

"Yule ni mtoto," Sekunde alisema.

"Mtoto alikula sahani yangu miaka miwili. Siku aliyotakiwa kusema neno moja, akaangalia zulia."

"Aliogopa."

"Na mimi niliogopa nikiwa na birika mkononi. Kila mtu anaogopa, mume wangu. Wengine wanaogopa na bado wanasema kweli."

"Sitafanya," Sekunde alisema, akaosha mikono.

Bibi aliwatazama wote wawili, safari hii bila mzaha. "Mwanangu," alimwambia mkwe wake, "chungu cha mwenzio ukikitia mchanga, hakikisha hutaalikwa kula."

Mpishi alikusanya vijiko.

*

Walikutana kwenye nusu fainali ya vyuo, Jumamosi alasiri, katika ukumbi ule ule wa chuo ambao Sekunde alikuwa ameupiga deki kwa mikono yake mara nyingi. Mpishi aliomba ruhusa jikoni, akavaa gauni lake la harusi za watu, akakaa safu ya tatu nyuma ya benchi ya mafundi. Saa kubwa ya mchezo ilikuwa moja tu, juu ya mlango wa kuingilia, na chini yake saa ndogo ya kuhesabu zile ishirini na nne.

Kocha Mkuu alipita kumpa Sekunde mkono. "Naona wamekuvisha," alisema, akaigusa fulana ya chuo cha ufundi kwenye kola. "Rangi inakupendeza."

"Karibu," Sekunde alisema.

Mafundi walizidiwa tangu mwanzo, lakini hawakuachwa mbali. Zilipobaki sekunde thelathini na tano za nusu ya kwanza walikuwa nyuma kwa nne, na mpira ulikuwa wao. Mpishi alijua kinachofuata kabla ya watu mia nane waliokuwemo ukumbini. Seremala hakusubiri, aliingia moja kwa moja, akapiga, ikaingia. Ishirini na tisa. Nyuma kwa mbili.

"Shika," Kocha Mkuu alifoka. "Shika mpira, tunamaliza sisi."

Nahodha alishika. Alidunda mpira katikati ya uwanja akigeuza kichwa kuelekea benchi yake, na mpishi aliona masikio yake yanatafuta. Msaidizi mpya alikuwa anagusa kioo cha kompyuta yake. "Ngapi?" Kocha Mkuu aliuliza. Hakuna aliyejibu. "Nauliza ngapi." Wakati huo king'ora cha ile saa ndogo kikalia: sekunde ishirini na nne zimekwisha na hawajapiga. Mpira ukapewa mafundi, na saa kubwa ilikuwa imebakiza nne.

Nne, mpira wetu, fanyeni. Pasi moja ndefu, fundi umeme akaidaka karibu na mstari, akaruka, akaiachia, na mpira ulikuwa hewani nusu ilipokwisha. Ukaingia. Pointi tatu. Mafundi mbele kwa moja.

Kocha Mkuu alimshika msaidizi wake mkono, akamwambia jambo karibu na sikio, kisha akamgeukia Nahodha na kumwambia jingine kwa sauti ambayo safu zote ziliisikia. Mpishi alikaa na mikono yake mapajani. Utamu ulimpanda taratibu, kuanzia tumboni, kama chai ya moto asubuhi ya baridi. Laiti mchezo ungeishia hapo, angekwenda nyumbani ameshiba.

Lakini nusu ya pili ni ndefu. Chuo kilirudi, mafundi wakachoka, uongozi ukahama mara sita. Zilipobaki sekunde ishirini, mafundi walikuwa mbele kwa moja, sitini na mbili kwa sitini na moja, na mpira ulikuwa mikononi mwa Nahodha. Hesabu ilikuwa rahisi, hata mpishi aliifanya: chuo kishike mpira, kisubiri mpaka zibaki nne au tano, kipige mara moja. Kikifunga, hakuna muda wa kujibu. Na Nahodha katika mchezo wa namna hiyo alikuwa hakosi.

Kumi na tisa. Kumi na nane. Nahodha alikuwa anadunda mbele kabisa ya benchi ya mafundi, akitazama walinzi, kichwa kimeinama upande kidogo. Sekunde alisimama. Kumi na saba. Akageuka nyuma, akaangalia safu ya kwanza, ya pili, akamwona mkewe.

Mpishi aliyakumbuka macho yale kwa muda mrefu baadaye. Hayakuwa yanaomba ruhusa. Yalikuwa yanaomba akatazwe.

Alimwitikia kwa kichwa: ndiyo.

Sekunde aligeukia uwanja, na sauti yake, ile ya miaka yote, kavu, isiyo na haraka, ikatoka. "Saba. Sita. Tano."

Nahodha hakuangalia saa. Hakumwangalia hata aliyekuwa anahesabu. Alijivuta hatua moja nyuma, akaruka akiwa mbali, na mikono ya watu wawili usoni mwake, akauachia mpira kama mtu anayewahi mlango usifungwe. Mpira uligonga chuma, ukaruka juu, ukaangukia kwa seremala. Saa ilionyesha kumi na moja wakati anaachia. Seremala alimtupia mwenzake mbele, naye akafunga bila kuguswa na mtu, na baada ya hapo kulikuwa na mtafaruku tu, kisha king'ora. Sitini na nne, sitini na moja.

Refa mmoja alimtazama Sekunde kwa muda. Lakini benchi zote huhesabu, na mashabiki huhesabu, na hakuna kanuni ya kumpiga mtu faulo kwa kukosea hesabu.

Mafundi walimbeba kocha wao. Huko juu ya mabega yao alikuwa ameduwaa, kama mtu aliyebebwa kupelekwa hospitali.

*

Kocha Mkuu aliondolewa wiki ya tatu baada ya mchezo ule. Ilisemwa ni kwa ajili ya nusu zote mbili: kwamba kocha asiyejua muda wala kuwa na mtu wa kumwambia, hajui kitu. Siku ya mwisho alikuja bwaloni peke yake, saa tisa, chakula kikiwa kimepoa. Alinyoosha sahani. Mpishi alimpakulia ukoko na mchuzi wa chini.

"Muda umekwisha, mwalimu," alimwambia. "Kilichobaki ni hicho."

Alikula akiwa amesimama. Mpishi alimtazama mpaka mwisho na hakukosa punje. Kwa habari ya Kocha Mkuu, moyo wa mpishi ni mweupe mpaka leo, na ukimuuliza atakuambia.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na hodi mlangoni. Sekunde alikuwa amekwenda mazoezini. Tangu siku ile hakuwa akiongea sana. Alikuwa anarudi, anakula, anasema asante. Mpishi alifungua, akamkuta Nahodha amesimama na mfuko wa matunda, na miwani usoni. Ilikuwa mipya, myeusi, imemzidi kidogo puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akampisha. "Ingia."

Kijana alimwamkia bibi, akakaa. Mpishi alimletea chakula kwa sababu hakujua kingine cha kufanya. Alikula kidogo, akaweka kijiko.

"Waliniuliza kwa nini nilipiga mapema," alisema. "Nikawaambia kweli, kwamba sioni. Wakanipeleka kwa daktari wa macho. Alicheka, mama. Alisema ni miwani tu. Ningeweza kuvaa tangu mwaka wa kwanza." Aliigusa miwani. "Lakini wanasema niliwadanganya miaka mitatu, kwa hiyo ada yangu inaishia muhula huu. Nitakwenda kwa mjomba, ana gereji. Nitajaribu kumalizia baadaye."

"Mjomba ni mtu mwema?" bibi aliuliza.

"Ni mtu wa kazi." Aligeuka kwa mpishi. "Sikuja kwa hilo. Nimekuja kuomba radhi kwa ile siku ya kikao. Nilisikia sauti mbili. Nikasema moja. Nimeshakwenda kwa mkuu wa idara, nimeandika na kusaini. Labda watamrudisha baba."

Mpishi alikuwa bado amesimama.

"Na jambo jingine," kijana aliendelea, "watu wanasema baba alinihesabia uongo makusudi. Nimegombana nao. Nimewaambia hamumjui yule mzee. Kelele zilikuwa nyingi, alichanganyikiwa kama sisi wote. Yeye hawezi. Mwambie asijali maneno yao."

Bibi aliinuka kitandani, akachukua fimbo yake, akatoka nje bila kusema anakwenda wapi.

Mpishi angeweza kunyamaza. Kijana alikuwa anaondoka, angeondoka baba yake akiwa bado mzima moyoni mwake. Lakini kule kikaoni alikuwa amemhukumu mtu kwa kuinyamazia kweli, na hukumu ile alikuwa ameibeba mwaka mzima, akiwapima wengine kwayo.

"Hakuchanganyikiwa," alisema. "Alijua zimebaki ngapi. Mimi ndiye niliyemwambia afanye. Nilimwambia hapa hapa, kwenye meza hii. Alikataa. Halafu siku yenyewe akaniangalia, nikamwambia ndiyo."

Nahodha alimtazama. Alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi, usoni kote, polepole, kuanzia kwenye kitambaa cha kichwa mpaka kidevuni, na mpishi akaelewa kwamba kwa miaka yote ile kijana alikuwa hajamwona vizuri.

"Kwa sababu ya kikao," alisema hatimaye.

"Kwa sababu ya kikao."

Alifikiri. Hakukasirika, au kama alikasirika alikuwa amelelewa vizuri. Alimalizia chakula chote kilichokuwa kwenye sahani, akanyanyuka, akaipeleka kwenye beseni, akaiosha, akaipangusa, akaiweka mahali pake kabatini.

"Basi, mama," alisema. "Hatudaiani."

Neno lile ndilo alilolitaka tangu siku aliyoshika birika. Alilisubiri lishuke tumboni kama ule utamu wa ukumbini. Halikushuka. Kijana alivaa viatu mlangoni, akamuaga bibi aliyekuwa amekaa kivulini pa ukuta wa karakana, akashika njia ya barabara kuu akinyanyua miguu juu kidogo, kama watu wanavyotembea wakiwa bado hawajaizoea miwani.

Sekunde alirudi saa kumi na mbili. Aliona matunda mezani, akauliza nani alikuja.

"Nahodha," mpishi alisema. "Nimemwambia."

Mumewe alivuta kiti, akakaa. Alichukua chungwa moja, akalimenya lote bila kuling'ata, akaligawa katikati, akampa mkewe nusu. Walikula wakitazama mlango uliokuwa wazi, na hakuna aliyeinuka kuufunga.